Hizo namba za "utafiti umeonyesha" kwenye kazi ya programu, walipima nini hasa?

Ukikaa kwenye grupu lolote la madevelopa haipiti wiki hujaona mtu anafunga ubishi kwa namba. Developa mkali anafanya kazi ya watu 10. Kasoro ukiigundua programu ikiwa tayari iko kwa wateja, kuirekebisha ni gharama mara 100. Lugha hii ina makosa machache kuliko ile. Na saivi ndo imeingia ya AI, huyu anasema inakuongezea spidi, yule anasema inakurudisha nyuma, na wote wawili wana utafiti mkononi. Sasa jaribu kuuliza: ni nani alipimwa, alikuwa anafanya nini, na walichohesabu ni kitu gani? Hapo grupu linakuwa kimya, au unatumiwa linki ya mtu aliyemnukuu mtu aliyemnukuu mwingine.

Nataka tuzifungue chache kati ya hizo namba, maana nyingi hazikutungwa, zimetoka kwenye utafiti wa kweli wa watu makini kabisa. Ila kilichopimwa siku ile na tunachokisema leo unakuta ni vitu viwili tofauti, na katikati kuna miaka 40 au 50 ya watu kupokezana maneno.

Tuanze na ile ya mtu mmoja sawa na kumi. Mwaka 1968 ndo mwaka ambao NATO iliitisha mkutano Garmisch, Ujerumani, watu wakakaa kujadili mbona programu zinachelewa, zinakula hela kuliko bajeti, afu zikija haziaminiki, na jina la "uhandisi wa programu" likashika kuanzia hapo. Mkutano ulikuwa Oktoba. Januari ya mwaka huohuo Wamarekani watatu, Sackman, Erikson na Grant, walikuwa wametoa ripoti ya jaribio lao, na swali lao wala halikuwa nani mkali kuliko nani. Walitaka kujua kitu ambacho leo hakimuumizi mtu kichwa: programa akikaa kwenye terminali akawa anaongea na kompyuta moja kwa moja, je anamaliza haraka kuliko yule anayeandika, anapeleka kazi yake, afu anasubiri majibu baadae? Enzi hizo muda wa kompyuta ulikuwa ghali kinoma so hilo lilikuwa swali la hela nyingi.

Wakachukua maprograma 12 wazoefu wakawapa matatizo mawili, moja la aljebra, lingine la kutafuta njia ya kutokea kwenye mzingile wa vichochoro. Kwenye kutafuta makosa ya lile la aljebra, mmoja alitumia kama saa 6 na mwingine saa 170. Gawanya, unapata 28 kwa 1. Watafiti wenyewe walishangaa kwamba tofauti ya mtu na mtu imeizidi hata tofauti ya zile njia mbili walizokuja kuzilinganisha, wakaiandika, na dunia ikaibeba hiyo namba ikaliacha swali lenyewe mezani.

Sasa itazame vizuri hiyo 28. Watu ni 12 tu. Unamlinganisha wa kwanza kabisa na wa mwisho kabisa, yani hata mmoja akiwa na siku mbaya namba inapaa. Halafu kwa kila tatizo kuna waliokuwa wanafanya moja kwa moja na kuna waliokuwa wanasubiri majibu, na kuna waliotumia lugha ya juu na waliotumia lugha ya mashine, kwa hiyo humo ndani umechanganywa uwezo wa mtu, lugha, na mfumo, huwezi kujua kipi kimeleta nini. Mwaka 1999 Mjerumani mmoja, Lutz Prechelt, alilirudia hilo swali akiwa na data nyingi zaidi kutoka kwenye majaribio mengi, akaacha kumlinganisha wa kwanza na wa mwisho, akalinganisha robo ya walio haraka na robo ya walio polepole. Akakuta tofauti ni kama mara 2, mara 3, ni nadra kuvuka 4. Si ndogo hiyo, kazi ya siku moja kwa huyu ni siku tatu kwa yule, bosi yeyote angependa kujua. Lakini 28 siyo, na hata ile 10 ya kwenye magrupu inabidi mtu atuambie anailinganisha na nani.

Na hapo bado tunaongelea kazi fupi yenye jibu linalojulikana. Kazini kuna yule mtu anayesema kwenye kikao "hiki kitu tusikijenge kabisa, kuna cha bure tayari", anaokoa miezi minne, na kwenye hesabu za namna hii anaonekana hajafanya chochote.

Kwani kwa nini ni vigumu hivi kupima? Chukua dawa. Unakusanya watu wengi, unawagawa kwa bahati nasibu, hawa wanapewa dawa, hawa wanapewa kidonge kisicho na kitu, unahesabu waliopona. Sasa kuipima njia ya kutengeneza programu hivohivo inabidi kampuni ikubali mfumo uleule ujengwe mara mbili na timu mbili, tena si kampuni moja, ziwe nyingi. Hiyo hela nani anaitoa? Ndo maana watafiti wengi wanaishia kuwatumia wanafunzi wa chuo kwa kazi ya saa mbili tatu, ambapo unaweza kupanga kila kitu vizuri ila umempima mtu ambaye hajawahi kupigiwa simu saa nane usiku kwamba malipo hayapiti. Wengine wanaingia ndani ya kampuni moja wanaangalia kazi halisi, hapo uhalisia unaupata, ila hujui kama ulichokiona ni cha dunia nzima au ni tabia za kampuni hiyo tu. Na tangu GitHub ije, ule mtandao ambapo watu wanahifadhi miradi yao ya programu, kuna njia ya tatu ambayo ni tamu sana, data ipo imelala pale, mamilioni ya komiti (yani kila badiliko mtu alilolihifadhi), unashusha unahesabu bila kumuomba mtu ruhusa. Hii ya tatu ndo nataka tukae nayo maana ina kisa chake.

Mwaka 2014 Baishakhi Ray na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa utafiti wa kujibu ule ubishi mkongwe kuliko yote: je lugha ya programu unayotumia inahusiana na wingi wa kasoro? Walichukua miradi 729 ya GitHub, lugha 17, mistari ya msimbo (code) kama milioni 80, watu 29,000, komiti milioni 1 na nusu. Ukiona ukubwa huo unasema basi, ubishi umeisha.

Wamejuaje kasoro ziko ngapi? Kila mtu anapohifadhi badiliko kwenye Git, ile zana ya kutunza mabadiliko iliyo nyuma ya GitHub, anaandika kaujumbe. Ujumbe ukiwa na maneno kama bug, fix, error, wanaihesabu ile komiti kuwa ni ya kurekebisha kasoro. Wamejuaje ni lugha gani? Wanaangalia jina la faili linaishia na nini. Halafu kwa hesabu za takwimu wanaondoa athari ya vitu vingine, ukubwa wa mradi, umri wake, idadi ya watu, wanabaki na lugha. Majibu yakaja: lugha kama Haskell na Clojure zinahusiana na kasoro chache kidogo, C++ na kasoro nyingi kidogo. Na waliandika wazi kabisa kwamba athari yenyewe ni ndogo, vitu vingine vya mradi ndo vina uzito. Hiyo sentensi haikusafiri. Iliyosafiri ni "utafiti umethibitisha lugha fulani ni bora".

Mwaka 2019 timu nyingine, Emery Berger, Jan Vitek na wenzao, wakajaribu kuurudia ule utafiti kwa data ileile. Ukisoma walichokikuta unacheka na unaumia kwa wakati mmoja.

Kwanza TypeScript, moja ya zile lugha. Faili za TypeScript zinaishia na .ts. Tatizo kuna aina nyingine ya faili inayoishia hivohivo, zile faili za tafsiri kwenye programu zilizojengwa kwa Qt (zana ya kujengea programu zenye madirisha na vitufe), zinazobeba maneno ya menyu na vitufe kwa lugha za watu. Yani sehemu kubwa ya ile "TypeScript" iliyosifiwa haikuwa msimbo kabisa, ilikuwa orodha ya maneno. Ni kweli orodha ya maneno haina kasoro nyingi! Pili V8, ile injini inayoendesha JavaScript ndani ya Chrome. Imeandikwa kwa C++. Ila faili zake zinaishia na .cc, na huo mwisho haukuwa kwenye orodha ya C++ waliyoitumia, kwa hiyo zikarukwa zote, yakabaki majaribio yake yaliyoandikwa kwa JavaScript, na V8 ikahesabiwa kuwa mmoja wa miradi mikubwa ya JavaScript.

Tatu ndo kubwa zaidi. Waliwapa madevelopa huru sampuli ya zile komiti zilizoitwa za kurekebisha kasoro, wakawaambia zisomeni kwa macho. Asilimia 36 hazikuwa za kurekebisha kasoro. Zaidi ya theluthi! Mtu kaandika fix akimaanisha kapanga nafasi na mistari vizuri, au karekebisha maelezo, imo. Na ukiwa unatafuta herufi tu hata prefix ina fix ndani yake. Hapo mi nikajiuliza kuhusu sisi huku, timu ambayo komiti zake ni "nimerekebisha risiti ilikuwa haitoki" na "tatizo la salio limeisha", kwa kipimo kile hao hawajawahi kuwa na kasoro hata moja tangu mradi uanze, lugha wanayotumia ingeonekana imeshuka kutoka mbinguni.

Baada ya kusafisha, lugha zilizobaki na uhusiano unaoshikika kitakwimu zilishuka kutoka 11 mpaka 4: C++ upande wa kasoro nyingi, na Clojure, Haskell na Ruby upande wa kasoro chache, na tofauti zenyewe bado ni ndogo. Wale wa mwanzo nao hawakukaa kimya, waliandika kujibu, wakajibizana hadharani kwelikweli. Mtu wa nje anaweza kuona ni aibu ila kwangu hii ndo sehemu bora ya kisa chote, maana data ilikuwa wazi, mtu mwingine akaweza kuingia akakagua faili moja baada ya nyingine. Namba nyingi tunazozishika hazijawahi kupita kwenye mtihani huo.

Ile ya mara 100 nayo ina ukoo unaojulikana. Barry Boehm alikusanya data za makampuni makubwa kama TRW na IBM za miaka ya 1970, na kitabu chake cha 1981 ndo kilichoisambaza. Ila Boehm mwenyewe alisema hiyo 100 ni ya miradi mikubwa, kwenye miradi midogo alikuta ni kama mara 4. Hiyo 4 nani anaikumbuka? Pia fikiria kurekebisha kitu enzi hizo kulimaanisha nini, programu imeshapelekwa kwa mteja, nyaraka zimechapwa, muda wa kompyuta unalipiwa. Leo kama kitu chako kiko kwenye seva unasukuma badiliko dakika 10 mtu hajajua. Mwaka 2016 Tim Menzies na wenzake walipitia miradi 171 ya kati ya 2006 na 2014, ya timu zilizokuwa na utaratibu mkali wa kurekodi muda wao, wakatafuta hiyo gharama inayopanda kadri kasoro inavochelewa kuonekana. Hawakuiona. Haimaanishi uache kasoro zikae, maana kasoro ikishahamisha hela za watu vibaya gharama yake haiko kwenye kibodi tena, na programu iliyoko ndani ya breki za gari si sawa na tovuti ya duka. Ila ukimwambia mteja "mara 100" ujue unaongelea miradi mikubwa ya miaka ya sabini.

Kuandika testi, yani vipande vya kukagua kama programu inafanya inavyotakiwa, kwanza kabla ya msimbo nitapita haraka. Mwaka 2008 Nagappan na wenzake waliripoti timu nne, tatu za Microsoft na moja ya IBM, zilizotumia njia hiyo: kasoro kabla ya kutoka zilipungua kati ya asilimia 40 na 90 ukilinganisha na timu zinazofanana ambazo hazikutumia, na muda wa mwanzo ukaongezeka kwa asilimia 15 mpaka 35 kwa makadirio ya mameneja wenyewe. Mashabiki wakafurahi. Miaka kama nane baadae Davide Fucci na wenzake wakachukua wataalamu 39 wakaichambua ile njia vipandevipande, wakakuta ule mpangilio wa testi kwanza msimbo baadae hauna uhusiano wa maana na ubora wala kasi, chenye uhusiano ni kufanya kazi kwa hatua ndogondogo zenye mwendo sawa. Mi naona hizi mbili hazigombani. Njia ya testi kwanza inakulazimisha utembee hatua ndogo, huenda faida ilikuwa hapo muda wote na sisi tukawa tunapigania mpangilio.

Sasa kuna upande ambao hauna mashabiki kwenye magrupu, na kwa maoni yangu ndo una mali zaidi, upande wa watu. Kukaguana msimbo kwa mfano. Tangu Michael Fagan wa IBM aandike kuhusu ukaguzi wa msimbo mwaka 1976 lengo linalosemwa ni kukamata kasoro. Mwaka 2013 Alberto Bacchelli na Christian Bird waliingia Microsoft wakawahoji watu na kuzisoma mamia ya komenti za ukaguzi. Ukiwauliza, kutafuta kasoro ndo sababu ya kwanza inayotajwa. Ukizisoma komenti zenyewe, kasoro nzito ni chache, nyingi ni za kupanga msimbo usomeke, na faida kubwa iliyoonekana ni watu kujua mwenzao anafanya nini, kufundishana, na kupata njia nyingine ya kulitatua jambo. So yule bosi anayesema "ukaguzi unatuchelewesha na hatuoni kasoro zikikamatwa" kapima kitu ambacho hakikuwa kazi kubwa ya ukaguzi.

Na hii ya Windows Vista, lile toleo la Windows la Microsoft, ndo inanimaliza kabisa. Mwaka 2008 Nagappan, Murphy na Basili walitaka kutabiri ni vipande gani vya Vista vitasumbua baada ya kutoka. Kawaida watu wanatabiri kwa kuuangalia msimbo, una utata kiasi gani, umebadilishwa mara ngapi, testi zimegusa asilimia ngapi. Wao wakaangalia chati ya wafanyakazi. Kipande hiki kimeguswa na watu wangapi, wangapi kati yao wameshaacha kazi, anayekisimamia yuko umbali gani na wale wanaokihariri, kimepita kwenye mikono ya idara ngapi. Hawakuangalia msimbo. Na utabiri wao ulipatia zaidi kuliko wa kila kipimo cha msimbo walicholinganisha nacho, pale waliposema hiki kitasumbua walikuwa sahihi kwa asilimia kama 86.

Mwaka uliofuata Bird na wenzake wakauliza swali la jirani kwa data ya Vista hiyohiyo: je vipande vilivyotengenezwa na watu waliotawanyika majengo na nchi tofauti vina kasoro nyingi kuliko vya watu waliokaa pamoja? Tofauti ilikuwa ndogo sana, na ukizingatia idadi ya watu waliohusika karibu inapotea. Kwa hiyo kukaa mbalimbali si dhambi kama wengi wanavodhani, kinachouma ni kipande kisicho na mwenyewe, ambacho kila idara inapita inagusa na aliyekijua vizuri kahama. Ukiwa kwenye shirika lolote lenye mfumo wa miaka 12 unajua naongelea nini, kuna moduli ambayo watu wanaiogopa, na ukiuliza aliyeiandika unaambiwa yuko Dubai siku hizi.

Ila tukumbuke wanaopimwa ni akina nani. Microsoft, IBM, miradi ya GitHub ya watu wanaoandika kwa Kiingereza. Timu ya watu watatu Mwanza au Kisumu inayojenga mfumo wa ada za shule, ambapo mahitaji yanabadilika kwa voisi noti ya mkuu wa shule saa tatu usiku na mwanachama mmoja wa timu ana kazi nyingine mchana, haimo kwenye hizo data. Si kwamba matokeo hayatuhusu, ila mtu akichukua asilimia ya Redmond, makao makuu ya Microsoft, akaipandikiza kwenye ofisi yake Kariakoo bila kukohoa hata kidogo, hapo ana imani kubwa.

Haya, AI. Mwaka 2022 kulifanyika jaribio, matokeo yakatoka mwaka uliofuata, maprograma 95 walipewa kazi ya kuandika seva ya HTTP (programu inayojibu maombi ya kurasa za wavuti) kwa JavaScript haraka iwezekanavyo, waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa Copilot, AI ya kusaidia kuandika msimbo. Waliokuwa nayo walitumia muda pungufu kwa asilimia 55.8, wastani wa saa 1 na dakika 11 kwa saa 2 na dakika 41 za wenzao. Watafiti wenyewe walitoka Microsoft, GitHub na MIT, na Copilot ni ya GitHub, hilo liweke akilini tu, jaribio lenyewe lilipangwa vizuri.

Julai 2025 shirika la METR, linalopima uwezo wa AI, likatoa lake. Madevelopa 16 wa miradi huria mikubwa (ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote), watu ambao kwa wastani wameshakaa na miradi hiyo miaka 5, wakaleta kazi 246 za kweli kutoka kwenye miradi yao wenyewe. Kila kazi ikapigiwa bahati nasibu: hii ruksa kutumia AI, hii hairuhusiwi. Wakarekodi skrini zao na wakalipwa dola 150 kwa saa. Kabla ya kuanza walitabiri AI itawapunguzia muda asilimia 24. Walipomaliza wakasema imewapunguzia kama asilimia 20. Saa zikasema imewaongezea asilimia 19.

Watu wakaanza kurushiana hizi karatasi mbili kama vile lazima moja iwe ya uongo. Lakini angalia kazi zenyewe. Kule unaanza kutoka sifuri kitu ambacho mifano yake imejaa intaneti, mradi haupo, hakuna cha kuvunja. Huku uko ndani ya msimbo wa mistari zaidi ya milioni ambao unaujua kuliko mashine, una taratibu zake ambazo hazijaandikwa popote, na kila AI inachokuletea inabidi ukisome, ukisafishe, au ukitupe. Developa mzoefu kwenye nyumba yake na mgeni kwenye kiwanja kitupu, kwa nini tutegemee jibu moja? Pia METR walisema wenyewe msichukue hii mkasema AI inachelewesha madevelopa wote, ni hawa, kwenye kazi hizi, kwa zana za mwanzoni mwa 2025, na zana zinabadilika haraka.

Kwangu mimi hiyo 19 siyo habari yenyewe. Habari ni lile pengo. Watu wazoefu, wamemaliza kazi, wanaulizwa umeonaje, wanasema nimeenda haraka, na walikuwa wamechelewa. Yani hata ule ushahidi tunaouamini kuliko wote, wa "mi nimetumia mwenyewe nimeona", kwenye jambo la muda hauaminiki kiivo. Sababu moja inayoingia akilini ni kwamba kusubiri na kusoma hakuchoshi kama kuandika, kwa hiyo saa inapita bila kuiona, lakini sijui kama ndo yenyewe.

Sasa kizuri ni kwamba ule mpangilio wa METR hauhitaji maabara wala dola 150. Timu yenye orodha ya kazi inaweza kuufanya wiki zijazo. Kazi inapofika kwenye foleni, kabla hujaigusa andika unadhani itakuchukua saa ngapi, halafu rusha shilingi, kichwa unatumia hicho kitu mnachobishania, iwe AI, iwe kuandika testi kwanza, iwe kukaa wawili kwenye kompyuta moja, mwenge hutumii. Ukadirie kwanza ndo urushe, ukigeuza huo mpangilio umeharibu, maana ukishajua umeangukia wapi makadirio yataegemea huko. Andika muda halisi, andika kama kazi ilirudi baada ya kwenda kwa mteja. Kazi 10 hazitakuambia kitu, 60 zitaanza kuonyesha, na hata hapo utajua kuhusu timu yenu tu.

Na majina ya watu yatoe kwenye hilo jedwali kabla halijafika kwa bosi. Likishageuka kuwa la kuona nani mzembe, kuanzia wiki inayofuata kila mtu anakadiria saa 8 kwa kazi ya saa 3.